Mjadala kuhusu visababishi vya kimazingira vya usonji

Mjadala kuhusu visababishi vya kimazingira vya usonji unahusu swali la kama maambukizi, dawa au mambo mengine yasiyo ya kurithi yanachangia kutokea kwa usonji (pia: otizimu). Hali hiyo, inayoathiri mawasiliano na mahusiano ya mtoto na wenzake, ilielezwa na daktari Leo Kanner nchini Marekani mwaka 1943. Utafiti juu ya mapacha unaonyesha kwamba urithi una nafasi kubwa. "Mazingira" hapa ni pamoja na yale yanayompata mtoto akiwa tumboni.

== Mambo yanayokubalika ==
Baada ya mlipuko wa rubela nchini Marekani mwaka 1964-1965, usonji ulionekana mara nyingi kuliko kawaida kati ya watoto walioambukizwa tumboni. Vilevile valproati, dawa ya kifafa, huongeza uwezekano wa usonji ikitumiwa na mama mjamzito.

== Tanzania ==
Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulichunguza watoto 20 nchini Tanzania; 14 walikuwa na usonji. Kati ya hao, 7 walianza kuonyesha dalili mara baada ya kupona malaria kali. Kwa watoto 3 watafiti waliona kwamba huenda malaria ndiyo iliyosababisha; kwa 4 uhusiano haukuwa wa hakika. Watoto hao walikuwa wachache, tena malaria huwapata watoto wengi katika umri uleule ambao usonji huanza kuonekana. Hivyo kufuatana kwa mambo mawili hakutoshi kuwa ushahidi.

== Wasomali ughaibuni ==
Mwaka 2008 watafiti wa Stockholm, Uswidi, waliripoti usonji mwingi kati ya watoto wa Kisomali. Upungufu wa vitamini D katika nchi zenye jua kidogo ulitajwa kama dhana mojawapo.

== Chanjo ==
Mwaka 1998 Andrew Wakefield alihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Jarida la The Lancet lilifuta makala yake mwaka 2010. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2019, uliohusu watoto 657,461, haukuona uhusiano wowote. Hata hivyo hofu iliwafanya wazazi wengi wa Kisomali jimboni Minnesota kuacha chanjo. Mwaka 2017 surua iliwapata watu 75 huko, wengi wao watoto wa jamii hiyo. Kinyume cha dai hilo, chanjo ya rubela, inayotolewa Tanzania pamoja na ya surua tangu mwaka 2014, inazuia kisababishi kimojawapo kinachojulikana cha usonji.