Ukimuulia Mtu Mbwa Wake, Usitarajie Akuamini

Watu wangu, leo tunaenda Australia. Mimi chuo niliacha, lakini kusoma historia sikuacha, na hii inafaa kujulikana.

Waaborijini wameishi na dingo zaidi ya miaka 3,000. Waingereza walipokuja 1788 na mbwa wao, nao wakakaribishwa. Kwenye jamii nyingi za mbali, mbwa ni wa familia kabisa: anaweza kupewa jina la ukoo, analala na watu usiku wa baridi, analinda nyumba hata dhidi ya mapepo.

Baadaye watu wakakusanywa kwenye misheni na makazi ya serikali. Mbwa nao wakajaa pamoja, na upele, minyoo na njaa vikafuata. Dawa ya wakubwa ilikuwa gani? Bunduki. Polisi anafika, anapiga risasi, anaenda zake. Mwenye mbwa analia kama aliyefiwa, kwa sababu kweli amefiwa. Na idadi inarudi palepale, maana jike huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na aliyepoteza mbwa hutafuta mwingine.

Tena mbwa walilaumiwa kwa upele wa watoto. Miaka ya 1990, uchunguzi wa vinasaba kaskazini mwa Australia ukaonyesha kwamba wadudu wa upele wa mbwa si wale wa binadamu. Watoto walikuwa wanaambukizwa na watu wenzao, kwenye nyumba zilizojaa kupita kiasi. Kumbe shida ilikuwa nyumba, si mbwa!

Mambo yalibadilika pale madaktari wa mifugo walipoketi na wenyeji kwanza. Dawa ya ivermektini ikatiwa ndani ya nyama, manyoya yakaota tena. Mbwa wakahasiwa, mwenyewe akikubali. Mwaka 2004 shirika la AMRRIC likaundwa kuendeleza kazi hiyo. Huko Yuendumu, jangwani, wasanii wa Warlukurlangu wametumia hata pesa za michoro yao kutunza mbwa.

Halafu 2020, ugonjwa mpya unaoenezwa na kupe wa kahawia ukagunduliwa eneo la Kimberley, ukaua mbwa wengi. Daktari yuko mamia ya kilomita mbali. Anayeona mapema kwamba mbwa hali, anatoka damu puani, ni mwenyewe pale kijijini.

Sasa niambie: angempigia simu daktari, kama bado mgeni wa mbwa ni mtu wa bunduki?