Safu ya Lugha: Kimbari si Halaiki

"Mauaji ya kimbari" na "mauaji ya halaiki" huandikwa magazetini kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Halaiki, neno lenye asili ya Kiarabu, ni umati. Mauaji ya halaiki basi ni ya watu wengi kwa pamoja, wawe wa asili yoyote. Kimbari limetokana na mbari, yaani ukoo au nasaba, na hapo hoja si idadi bali nia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1948 unataja nia ya kuliangamiza, lote au sehemu yake, kundi la kitaifa, kikabila, kirangi au kidini. Hata kulizuia kundi hilo lisizae, kwa nia hiyo, kumo.

Neno kimbari lina uzito, maana nchi zilizoridhia mkataba zimejifunga kuzuia na kuadhibu. Mwaka 1994, Watutsi wakiuawa Rwanda, maofisa wa Marekani walilikwepa kwa wiki kadhaa, na Baraza la Usalama likapunguza walinda amani badala ya kuwaongeza. Mahakama ya kimataifa kuhusu Rwanda, iliyoketi Arusha, ilikuja kulitamka neno hilo katika hukumu ya meya wa zamani Jean-Paul Akayesu, 1998, wakati wafu hawangeweza tena kusaidika.

Baada ya kushindwa kama huko, mwaka 2005 viongozi wa dunia waliafikiana juu ya "wajibu wa kulinda" watu dhidi ya maovu kama hayo. Ni wajibu, si "haki ya kuingilia kati" kama wengine waandikavyo. Mbebaji wake wa kwanza ni serikali ya nchi husika, na jumuiya ya kimataifa huingia pale serikali hiyo inaposhindwa waziwazi.