Unaongoza kwenye tenisi? Usijisahau, mechi bado mbichi

Kwenye ndondo, iwe Gongo la Mboto au Tandika, timu ikiwa mbele bao 1 dakika ya 85 kila mtu anajua kinachofuata: kipa anajiangusha, mpira unabutuliwa nje, muda unakatika.

Kwenye tenisi ujanja huo haupo. Hakuna dakika 90 za kukuokoa. Hata ukiongoza gemu 5-0, pointi ya mwisho lazima uitafute mwenyewe. Ndiyo maana wapo wanaocheza vizuri wakiwa nyuma, wakiongoza wanatetemeka.

Kinachotokea

Ukiwa mbele, akili inawahi kwenye kushangilia, halafu inaanza kuogopa kunyang'anywa. Mkono unakaza, sevu inakosa nguvu, unarudisha tu mipira ukisubiri mwenzako akosee. Yeye maji yameshamfika shingoni, anafyatua bila woga.

Hata wakubwa yamewakuta

• Fainali ya Wimbledon 1993, Jana Novotná aliongoza 4-1 seti ya tatu dhidi ya Steffi Graf, akabakiza pointi moja tu afike 5-1. Akakosea sevu mbili mfululizo. Graf alichukua gemu 5 zilizofuata, akashinda seti 6-4.

• Fainali ya 2019, Roger Federer alikuwa na pointi mbili za ubingwa mbele ya Novak Djokovic. Zote zikapotea, na kombe likaenda kwa Djokovic.

• Mwaka 2022, Mkenya Angella Okutoyi na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walifungwa seti ya kwanza 6-3 na Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko, fainali ya wasichana wawili wawili Wimbledon. Wakapindua: 6-4, kisha 11-9 kwenye taibreki ya kuamua.

Ufanye nini?

1. Sahau ubao. Swali ni moja tu: pointi hii naichezaje?

2. Tumia sekunde 25 za kati ya pointi. Upe wavu mgongo, pumua taratibu, amua sevu inaenda wapi. Ndipo usogee kwenye mstari.

3. Endelea na kilichokupa uongozi. Kama ulikuwa unamshambulia bekihendi, usiache. Badilisha pale tu mpinzani akishapata dawa yake.

4. Mkibadilishana upande una sekunde 90. Kaa, kunywa maji, chagua jambo moja la gemu inayofuata.

5. Akikupunguzia gemu moja au mbili, usihesabu ulichopoteza. 5-1 ikiwa 5-3, bado wewe ndiye uko mbele.

Na ukipinduliwa kabisa?

Siyo mwisho. Novotná alirudi fainali ya Wimbledon 1997, akafungwa tena. Mwaka 1998, akiwa na miaka 29, akabeba kombe.