Mbwa aingie ao abaki mlangoni? Historia ya Basenji wa kwetu

Mabishano juu ya mbwa hayaishi. Kanisani anafukuzwa kwa fimbo, sokoni kwa mawe. Na kambini, familia iliyokimbia vita na mbwa wake inaambiwa na majirani imfunge ao imtupe. Wengi wanasema kukaa na mbwa ni tabia ya wazungu, sisi hatukuizoea. Historia ya inchi yetu inasema vingine.

Katika msitu wa Ituri, Wambuti wamewinda na mbwa tangu zamani. Ni mbwa mdogo, masikio yamesimama, mkia umejikunja, na habweki kama wengine. Ndiyo sababu wanamfunga kengele ya mti shingoni: akiingia kwenye majani mazito, mlio unawaambia wawindaji ako wapi na mnyama anakimbilia upande gani. Usiku mbwa huyo analala kambini karibu na watu. Ni mwenzao wa kazi, ana mwenyewe, na kila mtu anamjua.

Wazungu walimpenda. Mwaka 1895 walimwonyesha London, katika maonyesho ya mbwa yanayoitwa Crufts, lakini wale wa kwanza walikufa kwa ugonjwa. Mwaka 1937 wengine walionyeshwa palepale, watu wakajaa kuwatazama. Jina walilopewa ni Basenji.

Hapo tusimame kidogo. Basenji ni neno ndugu la "washenzi", tusi tunalolijua wote. Wakati wa Wabeleji, mtu wa kijijini ndiye aliyeitwa hivyo. Alihitaji karatasi ya ruhusa ili aondoke kwenye usultani wake, na usiku hakuruhusiwa kutembea katika mji wa wazungu. Mwaka 1948 serikali ya koloni ilileta carte du mérite civique, kadi ya kuthibitisha kwamba mwenye nayo ameacha ushenzi. Kwa hiyo mbwa Basenji alikaribishwa katika kumbi za Ulaya na kupewa zawadi, na binadamu aliyetukanwa kwa jina hilohilo alifungiwa njia katika inchi yake. Kwangu mimi, hilo linauma kuliko habari yote ya mbwa. Pengine ndiyo sababu wazee wengine wakimwona mbwa ndani ya ofisi wanakasirika: wanakumbuka nani alibaki nje.

Hata hivyo, mbwa ana kazi kwetu mpaka leo. Kule Rumangabo, wilayani Rutshuru, Mbuga ya Virunga ilianza mwaka 2011 kufundisha mbwa wa kunusa. Wanafuata harufu ya majangili na kusaidia kutafuta silaha na pembe za tembo. Kila mbwa ana walinzi wanaomshugulikia, banda, chakula na muganga wa mifugo. Sijasikia mtu akisema wale waondolewe kazini.

Kinachoogopesha ni kichaa cha mbwa, na woga huo si wa bure. Karibu watu wote wanaokipata, 99 kwa mia, wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Lakini dawa ya kukizuia si mpya. Mwaka 1885, kule Ufaransa, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, Joseph Meister, naye akaishi. Na pale ambapo mbwa 70 kwa mia wanachanjwa, ugonjwa unakosa njia.

Kwa hiyo, mbwa aliyechanjwa na mwenye kujulikana, mimi ningemwacha abaki kambini na familia yake, na depo ya chakula ingelindwa naye vizuri. Kwenye kituo cha afya na jikoni, hapana. Kwa jirani Mwislamu asiyetaka mate ya mbwa karibu na maji ya udhu, afungwe mbali. Anayezurura bila mwenyewe ni shauri la wakubwa wa kambi na muganga wa mifugo. Mawe ya watoto yanamfanya aume zaidi.

Na mtoto akiumwa, hata kidogo, osheni kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 bila kuacha, halafu siku hiyohiyo mumpeleke kituo cha afya kuuliza chanjo. Msingoje kuona kama mbwa atakufa.