UJASIRIAMALI: Vibao vya kuwekea vikombe vyenye picha na jinsi vinavyochapwa kwa joto

Kwa miaka mingi, kibao cha kuwekea kikombe kilikuwa kifaa cha kuikinga meza dhidi ya maji na joto la chai, basi. Siku hizi, kibao hicho ambacho wengi hukiita kosta kimegeuka kuwa zawadi ya harusi, kumbukumbu ya mahafali na chombo cha kutangaza biashara.

Kinachowavutia wateja ni picha na majina yao wenyewe. Kwa kijana mwenye mtaji mdogo, kazi hii haihitaji karakana kubwa: chumba kimoja chenye umeme na madirisha kinatosha. Hata hivyo, wengi huanza kwa pupa na kuharibu shehena nzima ya kwanza kwa kutoelewa namna wino wake unavyofanya kazi.

Siri ya wino

Mbinu inayotumika huitwa sablimesheni, yaani hali ya kitu kigumu kugeuka mvuke bila kupitia hali ya umajimaji. Mfano wa karibu ni vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa kabatini kufukuza nondo. Hupungua siku baada ya siku hadi vikatoweka, wala havilowanishi nguo.

Rangi za wino huu hufanya vivyo hivyo zinapopata joto la takriban nyuzi 180 hadi 205 za Selsiasi. Hugeuka mvuke, zikapenya kwenye utando wa poliesta uliopakwa juu ya kibao, na utando unapopoa rangi hunaswa humo ndani. Ndiyo maana picha haibanduki wala haikwaruziki kwa ukucha.

Kutokana na hali hiyo, si kila kibao kinafaa. Mbao za kawaida au vigae vya dukani visivyo na utando huo havishiki rangi. Aidha, wino huu hauna rangi nyeupe. Weupe unaoonekana pichani ni wa kibao chenyewe. Anayechapa juu ya kibao cheusi hataona kitu.

Vifaa vinavyohitajika

Kwanza ni printa inayorusha wino bila kuuchemsha, kwa kuwa ile inayotumia joto haiufai wino huu. Printa ikishatiwa wino wa sablimesheni, iachiwe kazi hiyo pekee; kuchanganya na wino wa kawaida huharibu rangi.

Pili ni karatasi maalumu, utepe unaostahimili joto, karatasi za kukinga mashine na vibao vilivyopakwa utando. Mwisho ni mashine ya kubana kwa joto yenye bamba bapa, kipimajoto na saa. Mashine hii hula umeme mwingi, hivyo haifai kuchomekwa kwenye waya hafifu wa kurefushia pamoja na vifaa vingine.

Hatua kwa hatua

Kazi huanzia kwenye kompyuta. Kwa kibao cha sentimita 10, picha iwe na angalau nukta 1,200 kila upande ili isitoke na ukungu. Picha zinazotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Ni heri mteja aitume kama faili. Picha izidi ukingo wa kibao kwa milimita mbili au tatu, na igeuzwe kama inavyoonekana kwenye kioo. Anayesahau kuigeuza atatoa majina yanayosomeka kinyumenyume.

Rangi hufifia zikiwa kwenye karatasi. Hilo lisimtie mtu hofu, maana hung'aa baada ya kupata joto.

Kibao kifutwe vumbi kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kwani unyuzi mmoja huacha doa la kudumu. Karatasi ibandikwe kwa utepe, upande wenye picha ukigusa utando, kisha karatasi ya kukinga iwekwe juu na chini.

Vibao vya mbao iliyoshindiliwa kwa kawaida hubanwa kwa nyuzi 190 hadi 200 kwa takriban dakika moja. Vigae vya kauri ni vinene, hivyo huhitaji dakika kadhaa. Maagizo ya muuzaji wa vibao ndiyo ya kufuatwa, na kila shehena mpya ianze kwa kibao kimoja cha majaribio.

Mashine ikifunguliwa, karatasi itolewe kwa mkupuo mmoja. Ikiteleza ikiwa bado moto, picha hupata kivuli. Kigae kisitumbukizwe kwenye maji baridi, kwani chaweza kupasuka. Chumba kiwe na hewa ya kutosha ili mchapaji asivute mvuke.

Makosa na hasara

Rangi iliyopauka huashiria joto, muda au mkandamizo usiotosha. Rangi nyeusi ikielekea hudhurungi, kibao kimeungua kupita kiasi. Madoa mara nyingi hutokana na unyevu kwenye karatasi, tatizo linalofahamika vyema na wanaofanya kazi maeneo ya pwani.

Makosa hayo hayana budi kuhesabiwa katika bei. Tuseme vibao 100 vimenunuliwa kwa Sh60 kila kimoja, na 10 vikaharibika. Vile 90 vilivyosalia vimegharimu takriban Sh67 kila kimoja, kabla ya wino, karatasi, umeme na kodi ya chumba. Mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari.

Isitoshe, umeme waweza kupotea katikati ya kazi. Oda ya harusi isiachwe hadi usiku wa kuamkia sherehe, na malipo ya awali yatoshe angalau kununua vibao.

Mchapaji ajihadhari pia na nembo za klabu za kandanda, kampuni na picha za wasanii. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 na Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 huwalinda wenye kazi hizo, na kuuza bila idhini yao kwaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Mteja naye aelezwe namna ya kutunza kibao chake. Kifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, kisilowekwe majini iwapo ni cha mbao kwa kuwa kingo zake hufura, wala kisianikwe juani kwa muda mrefu, maana jua hufifisha rangi. Mteja aliyeelezwa mapema hurudi na oda nyingine. Asiyeelezwa hurudi na malalamiko.