Negativu za Nakasero

Kanda za kompyuta zinazoandikwa mara moja tu husifiwa kwa kuwa kilichomo hakifutwi wala kubadilishwa. Kwa maoni yangu, ulinzi huo huchelewa: huanza baada ya mtu kuchagua cha kuhifadhi.

Mwaka 2015, katika Shirika la Utangazaji la Uganda, hapa Nakasero, ziligunduliwa negativu zipatazo 70,000 za enzi ya Idi Amin (1971–1979). Filamu nayo huandikwa na mwanga mara moja. Nyingi hazikuwahi hata kusafishwa ziwe picha. Zinaonyesha mikutano, wageni, hotuba. Walioteswa na State Research Bureau, kwenye kilima hikihiki, karibu hawaonekani kabisa. Hakuna aliyehitaji kuwafuta. Kamera ya serikali haikuelekezwa kwao.