Uso Wangu Ulikuwa Unawaka, Nikaambiwa ni Chunusi

Mwaka wa pili chuoni, kabla sijaacha, uso wangu ulianza kuchoma. Sio kuwasha, kuchoma, kama mtu amenipaka maji ya pilipili. Nikinywa chai moto, mashavu yanawaka. Nikitoka steji na jua la saa saba, vipele vinajaa. Kila mtu alisema ni chunusi. Mjini nikauziwa krimu kwa mkebe mdogo usio na lebo. Siku chache tu, ngozi laini, manze! Miezi minne baadaye nikajaribu kuiacha. Moto ukarudi maradufu.

Daktari wa ngozi ndiye alinipa jina: rosasia. Nikashangaa, maana nikiitafuta kwa simu naona wazungu tu, mashavu mekundu. Nikaanza kuchimba historia.

Wasee, hii kitu ni ya kitambo. Karne ya 14, Geoffrey Chaucer wa Uingereza aliandika kuhusu mhusika mwenye uso mwekundu kama moto, na hakuna dawa iliyomsaidia. Mnamo 1490 hivi, Domenico Ghirlandaio wa Florence alichora mzee mwenye pua iliyojaa vinundu, mjukuu wake akimtazama kwa upendo. Picha hiyo iko Louvre, Paris. Kwa miaka mingi watu walisema pua kama hiyo ni ya mlevi. Ukweli ni kwamba pombe inaweza kuichochea, lakini hata asiyeonja tone hupata.

Unaona shida? Ugonjwa ulipewa sura ya wekundu, kwa ngozi ambayo wekundu unaonekana. Kwa ngozi nyeusi kama yangu rangi hiyo inajificha. Kinachobaki ni joto, kuchoma na vipele. Basi tunaambiwa ni chunusi, na tunaenda kununua mikebe.

Mikebe nayo ina historia yake. Mwaka 1952, Sulzberger na Witten wa Marekani walionyesha kwamba haidrokotisoni ya kupaka inasaidia magonjwa ya ngozi. Dawa nzuri, ikitumiwa vizuri. Baadaye zikaja steroidi kali zaidi, watu wakazipaka usoni kila siku. Kufikia 1974, madaktari Wamarekani walikuwa wanaandika kuhusu rosasia inayoletwa na steroidi. Steroidi hubana mishipa ya damu, kwa hivyo uso unatulia. Ukiendelea, ngozi inakuwa nyembamba. Ukiacha, mishipa inafunguka na uso unalipuka. Hiyo ndiyo ilikuwa miezi yangu minne.

Hapa Kenya, shirika la viwango lilitoa ilani mwaka 1998 dhidi ya vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni, na steroidi ni homoni. Ilani hiyo imenizidi umri! Na bado nilinunua mkebe wangu mchana kweupe, nikarudishiwa hadi chenji.

Siku hizi naosha uso kwa sabuni isiyo na manukato, napaka krimu ya kukinga jua, chai naacha ipoe. Dawa nimeandikiwa, na ile krimu niliiacha nikisimamiwa na daktari, si peke yangu. Sijapona kabisa, rosasia hudhibitiwa tu. Lakini siogopi tena kamera.

Kama uso wako unachoma, usikubali neno chunusi haraka. Na kama mkebe hauna lebo, uliza kuna nini ndani. Muuzaji akicheka tu, rudisha pesa yako mfukoni.